Kuta zinazohesabu watu: ujenzi na historia ya kanisa la kijiji cha Wharram Percy

0. Utangulizi

Historia ya Ulaya ya Zama za Kati hufundishwa mara nyingi kwa mifano ya majengo makubwa: makanisa ya Chartres, Reims, Köln na Canterbury, yaliyojengwa kwa mali ya maaskofu, wafalme na miji ya wafanyabiashara. Mwanafunzi hutoka darasani akizijua habari za matao yaliyochongoka na madirisha ya vioo vya rangi, lakini hajui takriban neno lolote juu ya mkulima ambaye fungu lake la kumi liliwalisha mapadri. Hata hivyo, watu wengi wa enzi hizo hawakuishi mijini. Waliishi vijijini; walibatizwa, waliozwa na kuzikwa katika kanisa dogo la parokia, na walio wengi kati yao hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi.

Makala haya yanalitazama kanisa moja la namna hiyo, yaani kanisa la Mtakatifu Martino katika kijiji cha Wharram Percy, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Leo ni gofu lisilo na paa, na mnara wake umebaki nusu. Kijiji chenyewe hakipo tena. Mahali pa nyumba pameota nyasi. Lakini gofu hilo limechunguzwa kwa makini kuliko makanisa mengi ya vijijini yaliyo mazima, na kutokana na uchunguzi huo linaweza kusomwa kama hati.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuta za kanisa hili zilipanuka na kusinyaa pamoja na watu waliolitumia. Kwa hiyo zinasaidia kulijibu swali ambalo maandishi peke yake hayalijibu kikamilifu: kijiji hicho kilikufa kwa sababu gani? Jibu jepesi, linalorudiwa katika vitabu vingi vya shule, ni tauni kuu ya mwaka 1348 na 1349. Itaonekana kwamba kuta hazikubaliani na jibu hilo.

1. Mahali na watu wake

Wharram Percy iko katika vilima vya mawe ya chaki viitwavyo Wolds, kaskazini-mashariki ya mji wa York. Kanisa limesimama chini bondeni, kando ya kijito. Nyumba za wakulima zilijipanga juu, upande wa magharibi wa bonde, kila moja katika kiwanja chake kirefu chenye ua na bustani. Nje ya viwanja palikuwa na mashamba ya nafaka, yaliyogawanywa katika vipande virefu na vyembamba. Bondeni maji yalizuiwa kwa boma la udongo, yakaendesha kinu, na baadaye yakawa bwawa la samaki.

Daftari la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William I, lijulikanalo kwa jina la Domesday, tayari linaitaja Wharram. Jina la pili, Percy, ni la ukoo wa makabaila uliomiliki ardhi hiyo katika karne zilizofuata. Wakulima walio wengi katika vijijini vya Uingereza ya wakati huo walikuwa watwana, yaani watu waliofungwa kwenye ardhi ya bwana wao: walimlimia siku kadhaa bila ujira, walimlipa kwa mazao na kwa fedha, wala hawakuweza kuhama bila idhini yake.

Nyumba zao zilikuwa ndefu. Mara nyingi watu walikaa upande mmoja na mifugo upande wa pili, chini ya paa moja. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba nyumba hizo zilikuwa vibanda hafifu vilivyojengwa upya katika kila kizazi. Baadaye Stuart Wrathmell, mmoja wa wanaakiolojia wa Wharram Percy, alionyesha kwamba uzito wa paa haukubebwa na kuta za chaki, bali na mihimili mikubwa ya mbao iliyopinda, ambayo iliweza kudumu muda mrefu huku kuta zikitengenezwa mara kwa mara. Marekebisho hayo yana maana kubwa. Umaskini uliodhaniwa kuwa wa wakulima ulikuwa, kwa sehemu, umaskini wa mbinu za wachunguzi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kanisa hili halikuwa la kijiji kimoja. Parokia yake ilikusanya makazi matano: Wharram Percy yenyewe, Thixendale, Raisthorpe, Burdale na Towthorpe. Waumini wa vijiji vingine walivuka vilima kwa miguu kuja misani, na maiti zao zilibebwa kwa njia hizo hizo. Jambo hili litarudi mbele, kwa sababu ndilo lililoliokoa jengo wakati kijiji chake kilipotoweka.

2. Kanisa linazaliwa na kukua

Uchimbuzi ndani ya kanisa na kandokando yake ulifanywa kati ya mwaka 1962 na 1974. Chini ya sakafu yalionekana mashimo ya nguzo, alama ya jengo dogo la mbao linalodhaniwa kuwa kanisa la kwanza, la karne ya 10. Baada yake likafuata kanisa la mawe, dogo vilevile, lenye vyumba viwili tu: ukumbi wa waumini upande wa magharibi, na patakatifu, mahali pa altare na padri, upande wa mashariki. Huo ndio mpango wa msingi wa kanisa la kijiji katika nchi nyingi za Ulaya ya magharibi. Mpango huo ulihifadhi tofauti ya daraja kati ya watu na padri kwa lugha ya mawe: padri alikuwa na chumba chake, watu walikuwa na chao, na kati yao palikuwa na tao.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, makabaila wapya na hata wa zamani walijenga upya makanisa mengi ya vijijini. Wharram Percy nayo ilipata kanisa kubwa zaidi, lenye ukumbi mrefu na patakatifu palipoishia kwa ukuta wa nusu duara. Mnara ulijengwa upande wa magharibi. Patakatifu pa nusu duara hapakudumu. Baadaye palijengwa pengine pa pembe nne, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza.

Mabadiliko makubwa zaidi yalianza mwishoni mwa karne ya 12. Ukuta wa kusini wa ukumbi ulitobolewa, nguzo na matao yakawekwa, na nje yake ikajengwa sehemu ya pembeni, ndefu na nyembamba, yenye paa lake. Sehemu ya namna hii itaitwa hapa ubawa. Katika karne ya 13 upande wa kaskazini nao ukatobolewa na kupewa ubawa wake. Mwanzoni mwa karne ya 14 kikaongezwa kikanisa kidogo kwenye pembe ya kaskazini-mashariki. Hivyo jengo lililoanza kama chumba cha mbao kilichotosha watu wachache lilikuwa, baada ya miaka mia tatu na zaidi, kanisa lenye ukumbi, mbawa mbili, kikanisa, patakatifu na mnara.

Ukuaji huo haukuwa wa Wharram Percy pekee. Idadi ya watu wa Uingereza iliongezeka sana kati ya mwaka 1100 na 1300. Ardhi ambayo awali ilikuwa malisho ililimwa, viwanja vipya vikapimwa, na bei ya nafaka ikapanda. Kanisa la parokia lilipanuka kwa sababu lilikuwa na watu wa kuwaingiza, na pia kwa sababu watu hao waliweza kulipa.

Suala la malipo ndilo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Kwa desturi ya kanisa la Uingereza, iliyokuwa imeimarika kufikia karne ya 13, gharama za jengo ziligawanywa. Patakatifu palitunzwa na mwenye kupokea mapato ya parokia, yaani paroko au taasisi iliyoshika nafasi yake. Ukumbi na mbawa zake vilitunzwa na waumini wenyewe. Kila boriti iliyooza na kila bamba la risasi lililotoboka juu ya paa la ukumbi lilikuwa deni la wanakijiji. Ubawa haukuwa pambo la kabaila peke yake. Ulikuwa ahadi ya jamii kwamba itaendelea kuwa na mikono na mifuko ya kuutunza.

3. Kanisa linapungua

Anayesimama leo upande wa kusini wa gofu huona jambo la ajabu. Katika ukuta yamo matao yaliyojengwa kwa ustadi, lakini hayapiti popote. Yamezibwa kwa mawe, na ndani ya mawe hayo yamewekwa madirisha. Upande wa kaskazini nao umezibwa. Mbawa zote mbili hazipo. Nguzo zilizokuwa katikati ya kanisa zimekuwa sehemu ya ukuta wake wa nje.

Maana yake ni wazi. Katika miaka ya mwisho ya Zama za Kati na baada yake kidogo, watu wa parokia walizibomoa mbawa ambazo babu zao walikuwa wamezijenga. Hawakuzibomoa kwa hasira wala kwa ulegevu. Mafundi waliziba kila tao kwa uangalifu ili ukumbi uliobaki usipate mvua wala upepo. Hiyo ni kazi ya watu waliofanya hesabu na kuona kwamba paa lile lilikuwa kubwa kuliko uwezo wao. Baadaye, katika karne ya 17, patakatifu nako palifupishwa. Jengo lilirudi karibu na umbo lake la mwanzo: ukumbi mmoja na chumba kidogo cha altare.

Mtu akizipanga hatua hizi kwa mfululizo, atapata mchoro unaofanana na ule ambao mtaalamu wa takwimu za watu angeuchora: mstari unaopanda tangu karne ya 10 hadi mwanzo wa karne ya 14, kisha unaoshuka. Hakuna mtu aliyekusudia kuchora mchoro huo, na pengine ndiyo sababu unaaminika. Hati za kabaila ziliandikwa ili kabaila adai haki zake. Ukuta ulizibwa ili watu wasilowe.

4. Tauni au kondoo?

Tauni ilifika Uingereza mwaka 1348, na inakadiriwa kwamba iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wote wa nchi hiyo. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba kila kijiji kilichotoweka kilitoweka kwa tauni. Masimulizi hayo yana mvuto: yanaeleza jambo kubwa kwa sababu moja kubwa, na hayamlaumu mtu yeyote.

Maandishi machache yaliyobaki yanapinga masimulizi hayo kwa upande wa Wharram Percy. Mwaka 1368, takriban miaka ishirini baada ya tauni, kijiji kilikuwa bado na nyumba zipatazo 30. Mwaka 1458 zilikuwa zimebaki 16. Kijiji chenye nyumba 30 si kijiji kilichokufa. Kilijeruhiwa, kisha kikaendelea kuishi zaidi ya karne moja, huku kikipungua polepole.

Kwa nini kilipungua? Baada ya tauni, nguvu kazi ilikuwa adimu na ujira ukapanda. Watwana walipata nafasi ya kuondoka na kutafuta ardhi bora au ujira mkubwa mahali pengine, na makabaila wengi walishindwa kuwazuia. Bei ya nafaka ilishuka kwa kuwa walaji walikuwa wachache. Wakati huohuo sufu na nguo za sufu zilileta faida nzuri. Shamba la nafaka lilihitaji wakulima wengi, wenye plau na maksai. Malisho ya kondoo yalihitaji mchungaji na mbwa wake. Kabaila aliyekuwa na kijiji nusu kitupu, juu ya vilima vya chaki vyenye nyasi fupi, hakuhitaji mwalimu wa hesabu.

Mwanzoni mwa karne ya 15 Wharram Percy ilikuwa imepita kutoka kwa ukoo wa Percy hadi kwa ukoo wa Hilton. Kufikia mwaka 1500 hivi, familia za mwisho ziliondolewa na nyumba zao zikabomolewa ili ardhi yote iwe malisho. Serikali yenyewe ilikuwa na wasiwasi juu ya mwenendo huo, kwa sababu kijiji kisicho na watu hakitoi kodi wala askari. Sheria ya kuzuia ubomoaji wa vijiji ilitungwa mwaka 1489. Mwaka 1517 Kardinali Wolsey aliagiza uchunguzi katika majimbo mengi, na katika taarifa zake kabaila Hilton anatajwa kuwa alikomesha plau nne na kuacha nyumba nne zianguke huko Wharram Percy. Mwaka mmoja kabla yake, Thomas More alikuwa amechapisha kitabu chake Utopia, ambamo kondoo wanashutumiwa kwamba wamegeuka walaji wa watu na wa mashamba. Wasomaji wake Waingereza hawakuhitaji kufafanuliwa fumbo hilo.

Hapa ndipo ushahidi wa kuta unapopata uzito. Kama kijiji kingefutwa na tauni kwa mara moja, kanisa lingeachwa likiwa na mbawa zake zote, nalo lingeanguka jinsi lilivyo. Sivyo ilivyotokea. Kanisa lilipunguzwa hatua kwa hatua, na watu waliokuwa hai, waliokuwa bado na imani na nidhamu ya kuitunza nyumba yao ya sala, ingawa hawakuwa tena na wingi wala mali. Kuta zinashuhudia kupungua kwa muda mrefu, ambako maamuzi ya binadamu yalikukamilisha. Tauni ilipunguza watu. Soko la sufu na amri ya kabaila viliwaondoa waliobaki.

5. Waliolala chini ya nyasi

Uchimbuzi wa kanisa ulitoa pia mifupa ya watu wapatao 690, walio wengi wakulima wa kawaida wa parokia pamoja na watoto wao. Uchambuzi wake, ulioongozwa kwa miaka mingi na Simon Mays, umewapa watu hao sauti ambayo hakuna hati iliyowahi kuwapa.

Mifupa ya watoto inaonyesha kwamba walikuwa wafupi sana wakilinganishwa na watoto wa Uingereza ya leo wa umri huohuo. Lishe haba na maradhi vilichelewesha ukuaji wao. Vipimo vya kikemia vinaonyesha kwamba watoto wachanga walinyonyeshwa hadi kufikia miezi 18 hivi, na kunyonyeshwa huko kuliwakinga wakiwa wadogo. Shida ilikuja baada ya kuachishwa ziwa. Fuvu la mwanamume mmoja wa karne ya 10 au ya 11 lina alama ya pigo zito la kichwani na dalili za upasuaji uliofanywa ili kuondoa mfupa uliobonyea. Mfupa uliota tena: mtu huyo alipona. Kwa hiyo katika kijiji hiki kisicho na jina kubwa alikuwamo, au alipita, mtu mwenye ujuzi wa kumtibu mkulima kichwani.

Mwaka 2017 kilichapishwa kisa kingine, cha giza zaidi. Katika mashimo yaliyokuwa kati ya nyumba, mbali na makaburi ya kanisa, ilipatikana mifupa 137 ya watu wasiopungua 10, wa karne ya 11 hadi ya 14, yenye alama za visu, kuvunjwa na kuchomwa moto. Wachunguzi walipima uwezekano kwamba ni mabaki ya watu walioliwa wakati wa njaa, lakini waliona kwamba mahali palipokatwa, hasa kichwani na shingoni, panaafikiana zaidi na hofu ya wafu wanaofufuka kuwadhuru walio hai. Meno yao yalionyesha kwamba walikulia eneo hilohilo, hawakuwa wageni. Kumbe jamii hii iliyolizunguka kanisa lake ilikuwa pia na hofu ambazo mafundisho ya padri hayakuziondoa, na ilikuwa na watu iliowakatalia ardhi takatifu.

6. Mipaka ya ushahidi wa kuta

Haifai, hata hivyo, kuzifanya kuta ziseme zaidi ya zinavyojua. Kwanza, si kila badiliko la jengo lina sababu ya idadi ya watu. Kuondolewa kwa ukuta wa nusu duara katika patakatifu kunaeleweka zaidi kama badiliko la mtindo na la ibada. Kikanisa cha kaskazini-mashariki kinaweza kuwa tunda la utajiri wa familia moja na shauku yake ya kuwaombea wafu wake. Hata ubawa huweza kujengwa ili kupata altare za ziada au njia ya maandamano, wala si kwa ajili ya nafasi ya watu tu.

Pili, kwa kuwa parokia ilikuwa na makazi matano, kupungua kwa kanisa ni kipimo cha parokia nzima, si cha kijiji kimoja. Raisthorpe, Burdale na Towthorpe nazo zilipoteza watu wao. Thixendale pekee ndiyo iliyodumu kuwa kijiji. Ndiyo maana kanisa liliendelea kutumika kwa zaidi ya karne nne baada ya Wharram Percy kubomolewa. Watu wa Thixendale waliendelea kuja bondeni kusali mahali pasipo na majirani, mpaka mwaka 1870 walipojengewa kanisa lao. Ibada ya mwisho katika kanisa la Mtakatifu Martino ilifanyika mwaka 1949. Risasi ya paa iliibwa, mvua ikaingia, na mwaka 1959 nusu ya mnara ikaporomoka.

Kwa sababu hizo kuta zinapaswa kusomwa pamoja na hati, misingi ya nyumba, mashamba na mifupa. Hivyo ndivyo walivyofanya Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Leeds, na John Hurst, mwanaakiolojia, waliouongoza utafiti wa Wharram Percy tangu mwanzo wa miaka ya 1950 hadi mwaka 1990, kila kiangazi, wakiwa na wanafunzi na watu wa kujitolea. Beresford alikuwa ameanza na karatasi: aliyasoma majina ya vijiji katika hesabu za kodi, kisha akaenda kuvitafuta kwa miguu. Wenzake wengi hawakuamini kwamba vijiji hivyo vilikuwa vingi. Leo vijiji vya Uingereza vilivyoachwa katika Zama za Kati, au mara baada yake, vinavyojulikana vinazidi 3000.

7. Funzo kwa mtafiti wa Afrika

Mbinu hii si ngeni katika bara la Afrika. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton tangu mwaka 1980 ulionyesha kwamba chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe kulikuwa na misikiti midogo ya miti iliyofuatana, ile ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Kila ulipojengwa upya, ulipanuliwa. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliuchukulia mji wa Waswahili kuwa kitu kilicholetwa tayari na wageni kutoka ng'ambo. Tabaka zile za miti na mawe zilisaidia kuonyesha jamii iliyokua palepale, ikapokea dini na kuijengea nyumba kadiri ya wingi wake. Shanga nayo iliachwa katika karne ya 15.

Katika Katanga, makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa tangu mwaka 1957, yamewawezesha watafiti kupanga hatua za historia ya watu wa bonde la Upemba kwa karne nyingi ambazo hazina maandishi. Baadhi ya waliozikwa huko waliishi wakati uleule ambapo wakulima wa Wharram Percy walikuwa wakitoboa ukuta wao wa kusini ili kuongeza ubawa.

Ulinganisho huu hauna lengo la kudai kwamba jamii hizo zilifanana. Unaonyesha jambo moja la mbinu. Ulaya huhesabiwa kuwa bara la maandishi, na Afrika bara la mapokeo ya midomo. Tofauti hiyo hugeuzwa haraka kuwa ngazi, ya juu na ya chini. Lakini mkulima wa Yorkshire wa karne ya 13 hakuandika lolote. Maandishi yaliyomhusu yaliandikwa na waliomdai. Ili kumwona yeye mwenyewe, mwanahistoria wa Ulaya alilazimika kuinama na kuchimba, sawasawa na mwenzake wa Upemba au wa Pate.

8. Hitimisho

Imeelezwa hapa kwamba kanisa la Mtakatifu Martino lilikua kutoka chumba cha mbao cha karne ya 10 hadi jengo lenye mbawa mbili, mnara na kikanisa katika karne ya 14, kisha likapunguzwa kwa mikono ya waumini wake mpaka likakaribia ukubwa wa mwanzo. Kwa kuwa utunzaji wa ukumbi na mbawa ulikuwa mzigo wa waumini, mabadiliko hayo, yakisomwa kwa tahadhari, ni kipimo cha wingi wao na cha uwezo wao. Yanaonyesha kwamba kijiji hakikufa kwa pigo moja la tauni. Kilidhoofika kwa muda mrefu, kisha kikamalizwa na uamuzi wa mwenye ardhi aliyeona faida katika kondoo.

Methali inasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa Wharram Percy hawakuwa na daftari. Waliokuwa nalo ni mabwana wao. Lakini walikuwa na ukuta walioujenga, wakautoboa, wakauziba na kuutengeneza kwa muda wa miaka mia tano, na kila mara waliacha alama ya jinsi walivyokuwa wengi au wachache, wenye nacho au wasio nacho. Mtafiti anayetaka kuandika historia ya wasioandika ana wajibu wa kujifunza kusoma maandishi ya namna hiyo kabla mvua haijayafuta.